Taa za Trela Zinapogoma: Kutafuta Hitilafu ya Umeme wa Jenereta

Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa katika Mkoa wa Cyangugu, haina uhaba wa maji ya kuzungushia mitambo. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu karibu kabisa na mji wa Kamembe na kuteremka kwa kasi kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika mteremko huo bwawa la Ruzizi I limekuwa likitoa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na lile la Ruzizi II, lililojengwa kwa ushirikiano wa Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, tangu mwaka 1989.

Hata hivyo umeme wa nguzo haumfuati mtu kila aendako. Kikosi cha polisi kinachopiga kambi ya majuma mawili kando ya barabara, wauguzi wanaotembeza zahanati vijijini, wajenzi wa barabara wanaolala penye kazi yao, wote hao huweza kubeba ofisi, jiko au chumba cha dawa ndani ya trela, na nje ya trela ikanguruma jenereta ndogo ya petroli. Trela la namna hiyo lina maisha mawili: likiwa kituoni hulishwa umeme wa taifa, likiwa safarini hulishwa jenereta. Matatizo mengi huzuka katika kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine, na baadhi yake yaweza kuua.

Na tuchukue mfano wa trela la ofisi lililoshinda juma zima Kamembe, limeunganishwa na umeme wa taifa, taa zikiwaka na birika likichemka bila matata. Siku ya pili linavutwa hadi uwanda wa Bugarama, penye mashamba ya mpunga, na kuunganishwa na jenereta. Jioni askari mwenye testa, yaani ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, apima soketi na kuona kitaa kikiwaka, ijapokuwa kwa unyonge, katika matundu yote mawili, ilhali jana kiliwaka katika tundu moja tu. Mmoja asema jenereta ni mbovu. Mwingine asema trela limefungwa nyaya kinyume, afungua soketi na kuzibadilisha. Usiku uingiapo, mahali ambapo hapakuwa na hitilafu hata moja sasa pana hitilafu ya kweli, nayo imetengenezwa kwa mkono.

Yafaa ieleweke kwamba testa ile haikusema uongo. Aliyeisoma ndiye hakujua lugha yake. Katika umeme wa taifa kuna waya wa moto na waya wa kurudishia, uitwao nyutro, na nyutro hiyo imefungwa na ardhi kwenye transfoma. Ndiyo sababu mtu akipima kati ya nyutro na ardhi hukuta volti sifuri au chache tu, na akipima kati ya waya wa moto na ardhi hukuta volti 230. Jenereta nyingi ndogo za kubeba hazikufungwa hivyo. Nyaya zake mbili zinaelea, hakuna uliofungwa na chuma cha mashine. Kati ya waya na waya mita husoma volti 230 kama kawaida. Lakini kati ya kila waya na chuma cha jenereta husoma nusu yake hivi, yaani volti 115, au tarakimu nyingine za ajabu zisizo na maana kubwa. Huo si ugonjwa. Ndivyo mashine ilivyoundwa.

Jambo la kutiliwa shaka ni kinyume chake. Ikiwa jenereta ya namna hiyo imeunganishwa na trela, na ghafla waya mmoja unasoma volti 230 kwa chuma na mwingine unasoma sifuri, hapana budi kuuliza ni nani aliyeufunga waya huo wa pili na chuma. Jibu hupatikana kwa urahisi: plagi ya trela ing'olewe, kisha jenereta ipimwe peke yake. Ikiendelea kusoma 230 na sifuri, basi mtengenezaji wake aliifunga hivyo kiwandani, na hakuna neno. Ikirudi kusoma nusu kwa nusu, basi ndani ya trela kuna waya uliokwaruzwa na kugusa bati, na trela hilo lisilishwe tena mpaka waya huo upatikane.

Hapa ndipo pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Trela la kisasa huwa na breka ya uvujaji, kile kifaa chenye kitufe cha majaribio ambacho hukata umeme mara kinapohisi kwamba sehemu ndogo tu, kwa kawaida elfu ya ampea 30, inapotelea ardhini badala ya kurudi kwa njia yake. Kifaa hicho kimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini umeme wa jenereta yenye nyaya zinazoelea hauna njia ya kurudi kupitia ardhini, kwa hiyo waya wa kwanza ukigusa bati la trela hakuna kinachovuja na breka haikati. Taa zaendelea kuwaka, na hakuna anayejua. Siku waya wa upande wa pili utakapochubuka katika chombo kingine, tuseme pasi au jiko la umeme ambalo waya wake wa ardhi umekatika, mtu atakayeshika chombo hicho kwa mkono mmoja na mlango wa trela kwa mkono mwingine atapata volti 230 kamili kifuani. Wala breka haitamtambua, kwa maana umeme utakuwa ukienda na kurudi sawasawa, mtu huyo akiwa sehemu ya waya.

Tena kitufe cha majaribio hakitoshi kuondoa wasiwasi. Kukibonyeza na kuona breka ikikata ni ushahidi kwamba kifaa chenyewe ni kizima. Si ushahidi kwamba kitafanya kazi katika jenereta hiyo. Kitufe kina njia yake ndogo ya ndani ambayo haihitaji ardhi kamwe.

Dawa ni waya wa tatu. Chuma cha chesesi ya trela, bati la kuta zake, jiko, tangi la maji ya moto na pini ya ardhi ya kila soketi, vyote hivyo havina budi kufungwa pamoja na kurudi kwa waya mmoja usiokatika hadi kwenye skrubu ya ardhi ya jenereta. Upimaji wake hauhitaji ujasiri wowote, kwa kuwa hufanywa mashine ikiwa imezimwa na plagi imeng'olewa. Mita huwekwa kwenye omu, ncha moja ikishika pini ya ardhi ya plagi ya trela na ncha nyingine ikigusa chuma kisicho na rangi: kwanza chesesi, kisha bawaba ya mlango, kisha kila chombo cha chuma. Kila mahali mita isome chini ya omu moja. Ikisoma makumi au isisome kabisa, kazi ya siku hiyo imepatikana, hata kama taa zote zinawaka vizuri.

Wako wanaodhani kwamba nondo iliyopigwa ardhini kando ya trela yaweza kuchukua nafasi ya waya huo. La hasha. Nondo iliyopigwa katika ardhi kavu yenye mawe huweza kuwa na ukinzani wa omu 100 na zaidi, na volti 230 zikigawanywa kwa 100 ni ampea 2.3 tu, ambazo breka ya kawaida ya ampea 16 haitazihisi hata kucha. Nondo ina faida zake, hasa penye radi, lakini ni msaidizi. Ama kuhusu kuifunga nyutro ya jenereta na chuma chake ili breka ya uvujaji ipate kufanya kazi, hilo lafanyika, tena lafaa. Lakini lifanywe na fundi wa umeme, kwenye jenereta yenyewe, baada ya kusoma kitabu cha mashine, maana ziko jenereta za kielektroniki ambazo watengenezaji wake hawaruhusu. Lisifanywe kamwe ndani ya boksi la breka la trela. Trela lililofungwa hivyo kinyemela hukaa kimya likiwa na jenereta inayoelea, na siku linaporudishwa kwenye umeme wa taifa breka ya uvujaji hukata mara tu chombo cha kwanza kinapowashwa, watu wakaanza kuulaumu umeme wa taifa.

Rangi za nyaya nazo ni mtego katika sehemu hii ya Afrika. Rwanda hupokea bidhaa kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka Ulaya, na kila nchi ilikuwa na desturi yake. Katika desturi ya zamani ya Kiingereza waya mwekundu ndio wa moto na mweusi ni nyutro. Katika Ulaya bara, mweusi huweza kuwa wa moto, na nyutro ni buluu. Katika trela la Kimarekani mweusi ni wa moto na mweupe ni nyutro. Aidha trela hilo liliundwa kwa volti 120, na likiunganishwa na volti 230 vyombo vyake vitateketea kabla mtu hajaifikia swichi. Fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa ataita waya wa moto fazi, wa Dar es Salaam ataita laivu, nao wataelewana baada ya muda mfupi. Lakini rangi nyeusi haiwezi kujieleza. Kabla ya trela kongwe kuunganishwa, isomwe kwanza ile bamba ya volti iliyo karibu na plagi, na kila waya ujulikane kwa kupimwa, si kwa kutazamwa.

Baada ya hayo, kutafuta taa iliyogoma ni kazi ya utaratibu tu. Kosa kubwa ni kuanzia kwenye taa. Mtafutaji aanzie kwenye jenereta na kwenda mbele hatua kwa hatua, akiwa na taa moja ya mkononi iliyo nzima. Trela ling'olewe, taa ile ichomekwe kwenye jenereta yenyewe. Isipowaka ilhali injini inazunguka, breka ndogo ya jenereta itazamwe kwanza, maana mara nyingi imekatika tu na hakuna aliyeikumbuka. Ikiwa breka iko juu na bado hakuna umeme, huenda mikaa imelika au mashine iliyokaa bila kutumika kwa muda mrefu imepoteza sumaku yake, na hayo ni ya fundi.

Taa ikiwaka hapo, jenereta imetoka katika orodha ya watuhumiwa. Ipelekwe kwenye mwisho wa waya wa kurefushia. Ikiwaka hapo pia, waya unasalimika, na hitilafu imo ndani ya trela. Ndani ya trela breka zote zizimwe, kisha ziwashwe moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikiwashwa umeme wote unakatika ndiyo yenye mashaka. Vyombo vyote vilivyo upande wake ving'olewe, ijaribiwe tena. Ikikubali, kosa ni la chombo kimoja kati ya hivyo, na kitajulikana kwa kurudishwa kimoja kimoja. Ikikataa hata bila chombo chochote, kosa ni la waya wenyewe, na kwa kawaida mahali pa kutazama ni pale ambapo waya unapita kwenye tundu la bati, pale ambapo panya wameingia, na taa za nje zilizopata maji ya mvua.

Barabara nayo hufanya kazi yake. Trela lililovutwa kutoka Huye kupitia kona nyingi za msitu wa Nyungwe, au kwa njia ya changarawe hadi mashambani, limetikiswa kwa saa nyingi, na skrubu za soketi zilizokazwa vizuri kituoni hulegea. Skrubu iliyolegea hutambulikana kwa ishara zake: taa zilizo mbele yake hupepesa, na zilizo nyuma yake hutulia, husikika mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, na plastiki ya soketi hubadilika rangi na kunuka. Ikiwa, kinyume chake, taa zote za trela hupanda na kushuka kwa pamoja kama pumzi, waya hauna hatia. Hiyo ni injini isiyozunguka kwa mwendo mmoja, mara nyingi kwa sababu ya karbureta chafu au petroli iliyokaa miezi mingi kwenye tangi.

Kuna malalamiko mengine ambayo hayana hitilafu yoyote ndani yake, ila hesabu. Jenereta iliyoandikwa kilowati 3 haitoi kilowati 3 Kamembe. Injini ya petroli hupoteza nguvu kiasi cha asilimia 3 na nusu kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kamembe iko karibu mita 1,600, kwa hiyo zimepotea asilimia 18 hivi, na mashine imebaki na kilowati 2 na nusu. Huko bondeni Bugarama, karibu na sehemu iliyo chini kuliko zote nchini Rwanda, mita 950 tu, nguvu hurudi kidogo, ijapokuwa joto la uwanda hula sehemu yake. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikiwashwa pamoja, taa zitafifia na mashine italia. Mpishi na mwenye kupiga pasi wapeane zamu; hakuna fundi atakayeweza kuwatengenezea jambo hilo.

Waya wa kurefushia nao una kodi yake. Waya wa mita 50 wenye unene wa milimita za mraba 1.5, ukibeba ampea 10, hupoteza volti 12 njiani. Ule wa 2.5 hupoteza volti 7 hivi. Tena waya ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake huku ukibeba mzigo mkubwa, hujipasha moto mpaka plastiki ikayeyuka, kwa hiyo ukunjuliwe wote hata kama trela liko karibu.

Hata hivyo ukaribu wenyewe ndio wa kuogopwa kuliko urefu. Moshi wa jenereta una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu aliyelala bila kumwamsha. Mashine ikae mita 6 na zaidi kutoka madirishani na milangoni, na kamwe isiwekwe chini ya trela ili kuikinga na mvua. Kando ya Ziwa Kivu jambo moja zaidi lakumbukwe: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Moshi uliokuwa ukienda mbali na trela saa kumi jioni waweza kuingia chumbani saa nne usiku, na jenereta haikusogea hata hatua moja. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza kwa watu wawili au watatu kwa wakati mmoja, mashine izimwe na wote watoke nje kwanza, maswali yaje baadaye.

Familia zilizo katika nyumba za kikosi hazina trela, lakini huiazima jenereta. Tangu tetemeko la ardhi la Februari 3, 2008, lililoua watu na kubomoa nyumba na makanisa pande zote mbili za mpaka, hakuna asiyejua kwamba umeme waweza kupotea kwa siku kadhaa. Umeme unapopotea, wako watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Waya huo usitengenezwe kamwe. Ukichomolewa ukutani, pini zake zimebaki zina umeme mbele ya watoto. Na ikiwa swichi kuu haikuzimwa, umeme hutoka nyumbani kurudi kwenye transfoma, ukapanda hadi maelfu ya volti, na kumkuta juu ya nguzo mfanyakazi aliyekwenda kuwarudishia watu umeme wao. Nyumba ifungwe swichi ya kubadilishia, isiyoweza kuruhusu vyanzo viwili kwa pamoja. Na kabla haijafungwa, friji na taa mbili zilishwe kwa waya wa kurefushia moja kwa moja kutoka kwenye jenereta.

Kwa trela, kituo chenye mita ya kupimia ukinzani wa nyaya kwa volti 500, ambayo mafundi huiita mega, kingefanya vema kupima kila baada ya masika, vyombo vyote vikiwa vimeng'olewa: nyaya mbili zikiunganishwa pamoja kwa upande mmoja, chesesi kwa upande wa pili. Mita isome megaomu moja na zaidi. Tarakimu hiyo, pamoja na ile ya waya wa ardhi na tarehe, iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa boksi la breka, ili dereva wa zamu ijayo aikute hapo kabla ya kuvuta kamba ya jenereta.